Pikapu ya Mama Ilipogoma

Mtaa wetu wa Kariakoo ulinukia mchele kabla haujanukia kitu kingine chochote. Alfajiri, kabla wachukuzi hawajaanza kugombea mizigo na kabla ya moshi wa magari, vumbi la magunia lilikuwa limekwisha kupenya chini ya milango, likatua juu ya vyandarua na ndani ya vikombe, nasi watoto tukaamka tukiwa na ladha yake kwenye meno. Harufu nyingine zilifuata kwa zamu: mafuta ya taa kutoka duka la kona, karafuu na bizari kutoka kwa wauza viungo, samaki wa kukaanga wa akina mama wa barazani, na ilipofika saa nne, jua likishaanza kuchoma mabati, jasho la watu wenye haraka. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, darasa la nne, na niliweza kujua saa kwa pua. Ndiyo maana ninaikumbuka vizuri asubuhi ile ya Novemba ambapo harufu isiyo ya kwetu ilijipenyeza katikati ya zile tulizozizoea. Ilikuwa harufu ya plastiki iliyopata moto bila kuungua, chungu kidogo, yenye kukaa puani kama dawa. Ilitoka ndani ya pikapu ya mama, iliyoegeshwa ubavuni mwa nyumba, ambayo kwa mara ya tatu katika siku chache ilikuwa imekataa kuwaka.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Wakubwa walilitamka neno hilo kama mtu anayefungua dirisha. Nilikuwa nimekua vya kutosha kukumbuka foleni za sabuni, tulizopanga tangu alfajiri tukiacha jiwe au kikapu kitushikie nafasi, na sasa ghafla maduka yalijaa vitu ambavyo hata majina yake hatukuyajua. Mama yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Aika kwa jina langu mimi mzaliwa wa kwanza, alitoka Machame akiwa msichana na kuanza biashara kwa meza moja ya vitunguu. Wakati ninaousimulia alikuwa na duka la jumla la mchele, sukari na sabuni, nasi tuliishi katika vyumba vya nyuma yake. Pikapu aliinunua ikiwa mtumba ulioshuka bandarini kutoka Japani, rangi ya maziwa, ikiwa bado na kibandiko cha Kijapani kwenye kioo cha mbele. Hakuna aliyeweza kukisoma. Mama alikataza kisibanduliwe, akisema huenda kimeandikwa jambo la maana, na mtu habandui asichokielewa.

Upepo ule ule uliojaza maduka ndio uliomtoa baba kazini. Kwa miaka kumi na minne alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha nguo cha serikali, mtu wa zamu na ovaroli, aliyerudi nyumbani na nyuzi za pamba kwenye nywele. Siku moja waliwekewa orodha ya majina ukutani, na la kwake lilikuwamo. Alirudi na sanduku lake la vifaa begani, akaliweka chini ya kitanda, na tangu siku hiyo akawa anakaa kwenye benchi la uani akiutazama mlango wa jiko. Mama hakumsimanga hata mara moja. Lakini nyumba ya Kariakoo ni ndogo, na mtu asiye na kazi huonekana kila unapogeuka. Dukani wateja walimpita kwa heshima, “Shikamoo mzee,” kisha wakaenda kuzungumza na mama. Hata gunia likihitajika stoo, alikwenda kwanza kumwomba mama amfungulie.

Ilipofika Novemba, barua ilikuja kutoka kwa baba mdogo kule Machame. Bibi alikuwa amezeeka, na kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilikosa mtu wa kukisimamia. Kila Desemba Wachaga wa Kariakoo hufunga maduka na kupanda kwenda nyumbani kwa Krismasi. Mtaa wetu ulibaki na milango iliyobanwa kama meno. Mwaka ule tungekwenda wote kama kawaida, lakini Januari tungerudi bila baba. Nililisikia hilo kupitia pazia lililotenganisha chumba chao na chetu, wadogo zangu wakiwa wamelala na mimi nikiwa macho kwa sababu ya joto.

“Kule nitakuwa na kazi,” baba alisema. “Hapa nahesabu mabati.”

“Niliponunua pikapu nilikuwa nimekuweka wewe kichwani,” mama akamjibu. “Ungepeleka mizigo Buguruni, ungepeleka Temeke. Wateja wako pale wanangoja.”

“Haiwaki.”

“Ndiyo. Haiwaki.”

Kwa hesabu yangu ya kitoto mambo mawili yakaungana yakawa moja: pikapu ikiwaka, baba anabaki; ikigoma, anakwenda. Sikujua wakati ule kwamba wakubwa nao walikuwa wakipiga hesabu hiyo hiyo.

Hitilafu yenyewe ilikuwa ya kukasirisha kwa sababu haikuwa na tabia moja. Asubuhi moja mama angezungusha ufunguo na injini ingeshika mara moja. Kesho yake angezungusha na taa ndogo za dashibodi zingekonyeza na kuzima, na hakuna sauti nyingine. Mara mbili ilimzimikia njiani, mara moja hapo Mnazi Mmoja palipo na shimo la barabarani, huku madereva wa nyuma wakimpigia honi. Wachukuzi wa mtaani walilazimika kuisukuma, na hawakuisukuma bila maneno. “Gari la Mchaga hili,” alisema mmoja wao, kijeba aliyeitwa Mkude, “linabana hata moto.” Mama alicheka pamoja nao, lakini nilimwona akifuta uso kwa upande wa khanga mara mbili. Aliita mafundi kutoka Buguruni. Wa kwanza alisema betri, ikanunuliwa betri. Wa pili alipiga teke gurudumu, akasikiliza, akasema stata imekwisha na iletwe mpya. Hakuna aliyefungua kitu. Ndipo mama aliposema kwamba gari la kusukumwa ni mkokoteni wenye paa, na yeye mikokoteni anaipata mtaani bila kuinunua. Dalali mmoja alikuwa na mtu wa kuinunua kama ilivyo. Wangekuja Jumamosi.

Jumanne, baada ya chai, baba alivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda. Nilikuwa likizo, na nilimwona akilipangusa kwa kiganja kabla ya kulifungua, kama mtu anayemwamsha mtoto. Akaenda dukani na kumwambia mama kwamba angependa kuitazama pikapu kabla haijaondoka. Mama alikuwa akipima mchele, hakuinua kichwa. Alisema mtu anakuja Jumamosi, na kabla ya hapo afanye atakalo. Baba akarudi uani na kuniambia nilete daftari lenye kurasa tupu na kalamu. Macho yake ya karibu yalikuwa yameanza kufifia kwa miaka ya kuchungulia mashine, na miwani hakuwa nayo. “Wewe utaandika,” aliniambia. “Andika ulichokiona. Usiandike ulichokidhani.” Sijawahi kupewa agizo zito zaidi ya hilo, wala lililonikaa zaidi.

Kiwandani, alinieleza, fundi hakuruhusiwa kusema “nafikiri” mbele ya mashine iliyosimama. Unafuata njia ya umeme kutoka unakotoka hadi unakokwenda, kama mtu anayefuata bomba la maji, na kila kituo unauliza: je, umefika hapa? Akaanza na betri. Aliwasha taa kubwa za mbele, ambazo kwenye gari lile hazikuhitaji ufunguo, zikawaka nyeupe na kukaa hivyo. Nikaandika: taa kubwa, zimewaka, hazikonyezi. Akakaza vichwa vya betri, akafuata waya mnene hadi chini. Kisha akahakikisha gia iko huru, akaniambia nisimame mbali na mbele ya gari, akachukua kipande cha waya na kugusisha umeme wa betri moja kwa moja kwenye msumari mdogo wa stata. Stata ilizunguka kwa kishindo hadi Mkude na wenzake wakasogea kutazama. Wakaanza kumtania baba kwamba sasa ameamka, kwamba mzee kumbe ana mkono. Niliona bega lake likinyooka. Betri ilikuwa nzima. Stata iliyohukumiwa kifo na fundi wa Buguruni ilikuwa nzima pia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hao wawili hawakuwa wameinama.

Jumatano alihamia ndani. Kwa bisibisi ya nyota alifungua kifuniko cha plastiki chini ya usukani, na harufu ile niliyoinusa asubuhi ya kwanza ikatoka yote kwa mpigo, kama sufuria iliyofunuliwa. Akaniita ninuse, akaniuliza inatoka upande gani. Nikamwonyesha. Nyuma ya tundu la ufunguo kulikuwa na kikopo kidogo cha plastiki, si kikubwa kuliko kizibo cha chupa ya chai, na nyaya tano ziliingia humo. Alisema hiyo ndiyo swichi: umeme wote wa kuendesha gari hupita mlangoni hapo, na ufunguo ni bawabu tu. Akatengeneza taa ya kupimia kwa balbu ya indiketa na nyaya mbili, mmoja akaufunga kwenye chuma cha gari, mwingine akawa anagusisha huku na huku. Kwenye waya mnene unaoingia, balbu iliwaka bila wasiwasi. Umeme ulikuwa unafika mlangoni. Sasa swali lilikuwa kama unatoka upande wa pili, na kwa hilo alihitaji ufunguo. Akanituma kwa mama.

Hapa sina budi kueleza habari ya funguo za mama. Duka la jumla Kariakoo halifungwi kwa kufuli moja. La kwetu lilikuwa na matatu mlango wa mbele, mawili ya stoo, moja la mlango wa uani, na mengine ya kabati, meza na masanduku. Miaka kadhaa nyuma mama alimwachia binamu yake funguo za stoo wakati amekwenda kujifungua mdogo wangu wa mwisho, na aliporudi alikuta maboksi ya sabuni yamepangwa vizuri hadi darini, ya mbele yamejaa na ya nyuma matupu. Tangu hapo funguo zake hazikuachana. Zote alizivisha kwenye pete moja ya chuma pamoja na kifungulia chupa, kicha kizito kama tunguri, akakifunga kwenye pindo la khanga kiunoni. Wenzake mtaani walifanya vivyo hivyo. Kwa akina mama wenye maduka, kicha kilikuwa cheo, na ungeweza kumjua mwenye mali kwa mlio wake akipita. Pikapu ilipokuja, ufunguo wake nao ukaingia kwenye pete ile ile. Hakuna aliyeona ajabu. Hata baba, aliyelala kitanda kimoja na kicha hicho, hakukiona ajabu.

Mama alikuja mwenyewe, kwa kuwa kicha hakikupelekwa na mtoto. Akachomeka ufunguo, akauzungusha nusu, akasema ana wateja, akarudi dukani akiacha kicha kikining’inia. Baba akagusisha taa yake kwenye waya unaotoka swichini. Balbu ikawaka hafifu, ikatetemeka. Nikaandika. Wakati huo mkokoteni wa viazi ukapita uchochoroni na kuligusa bampa la nyuma. Gari likatikisika kidogo, kicha kikayumba, na balbu ikazima. Baba akabaki ameishika taa pale pale. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto na kukikamata kicha kisiyumbe. Balbu ikarudi. Akakiinua kwa kiganja, kama mtu anayepima uzito wa nyanya sokoni, na balbu ikawaka kwa nguvu zote. Akakiachia taratibu, ikafifia, ikazima. Alirudia mara nne, na mara zote nne nikaandika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mtoto wa miaka kumi haitegemei methali kujitokeza mbele yake ikiwa na balbu.

Nilitaka kukimbia dukani kumwambia mama. Baba akanishika mkono, akasema bado. Mtu mwenye wateja mbele yake haambiwi kwamba kosa ni lake, alisema, hasa na mtu aliyekaa kwenye benchi miezi sita. Alifungua vichwa vya betri kwanza kwa spana namba kumi, akatoa skrubu mbili ndogo na kuivua swichi, akaipasua kwa ncha ya kisu juu ya gazeti. Ndani kulikuwa na vipande vya shaba. Kimoja kilikuwa cheusi, kimelika upande mmoja, na plastiki iliyokishika ilikuwa imelainika na kulegea. Akanieleza kwamba uzito ulikuwa umekivuta kidogo kidogo kila shimo la barabara, shaba ikawa haikai sawa, umeme ukawa unaruka badala ya kupita, na umeme unaoruka huchoma. Alisugua kwa msasa laini, akairudisha. Iliwaka mara moja, ikagoma ya pili. Swichi ile ilikuwa imemaliza safari yake.

Alhamisi tulikwenda kwa Bwana Jayanti, Mhindu aliyekuwa na duka la spea milango minne kutoka kwetu na kuishi na familia yake ghorofani juu yake. Sikukuu yao ya taa ilikuwa imepita karibuni. Shada la maua ya manjano lilikuwa bado linaning’inia juu ya mlango, limekauka na kugeuka rangi ya tumbaku. Bwana Jayanti alimjua baba tangu enzi za kiwanda, na alikuwa mtu pekee mtaani aliyekuwa hajaanza kuzungumza naye kwa sauti ya kumwonea huruma. Aliigeuza swichi yetu mara mbili, akamuuliza ni fundi gani ameipasua vizuri hivi, naye baba akasema ni yeye. Swichi ya gari lile hasa hakuwa nayo. Akapanda ngazi, akashuka na boksi la vumbi lililokuja na shehena ya Dubai, humo akatoa iliyofanana kwa umbo lakini nyaya zake zikiwa zimepangwa vingine.

“Chukua, jaribu,” alisema. “Ikikataa rudisha. Ikikubali, ndiyo tutaongea.”

Baba akasema huenda akaiharibu katika kuijaribu.

“Baba Aika, wewe uharibu? Mimi nauza spea, nawajua waharibifu. Nenda.”

Kazi ya kuhamisha nyaya moja baada ya nyingine ilichukua mchana wote. Nilichora swichi ya zamani daftarini na kuandika rangi ya kila waya na mahali pake. Baba akawa anakata, anaunga na kufunga kwa utepe mweusi wa umeme akifuata ninavyomsomea. Jioni, kabla jua halijazama, akarudisha vichwa vya betri na kumwomba mama ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka. Stata ilizunguka kwa nguvu. Lakini injini haikushika. Ilizunguka na kuzunguka kama mtu anayetafuta jina la mtu mwingine, haikushika. Mama alichomoa kicha chake, akarudi dukani. Wachukuzi waliokuwa wamekusanyika walitawanyika kwa adabu, na adabu yao iliniumiza kuliko utani. Usiku sikula vizuri. Kesho yake ingekuwa Ijumaa.

Asubuhi baba hakugusa gari. Alikaa nami kwenye benchi, akaniambia nimsomee orodha tangu mwanzo, taratibu. Nyekundu mnene, juu. Buluu, kulia. Nyeusi, chini. Nyeusi, kushoto. Akanisimamisha. Nyaya mbili za rangi moja kwenye swichi moja, alisema, ni jambo ambalo mtengenezaji halifanyi. Tukaenda garini. Alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa na kuufuta ule waya mweusi wa kushoto, na chini ya uchafu wa miaka ukatokea mstari mwembamba mwekundu. Nilikuwa nimeandika nilichokidhani. Machozi yalinijaa, nikangoja kukemewa. Badala yake akanipa kalamu, akasema daftari ni la kusahihishwa, na akaanza kubadilisha nyaya mbili tulizozichanganya. Waya uliopeleka moto kwenye injini tulikuwa tumeuweka mahali ambapo umeme wake hukatika pale pale stata inapoanza kuzunguka. Injini ilikuwa na kila kitu isipokuwa cheche.

Aliposema yuko tayari, mama alikuja na daftari lake la duka kwapani. Akachomeka ufunguo. Injini ilishika kabla hajamaliza kuuzungusha, ikanguruma na kutulia, na kutoka barazani Mkude akapiga mluzi mmoja mrefu. Mama aliizima, akaiwasha, akaizima, akaiwasha. Akacheka peke yake humo ndani, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu orodha ile ya kiwandani. Ndipo baba alipoinama kwenye dirisha na kumwambia lililobaki.

“Hii nayo itakufa kama ile,” alisema. “Labda kabla ya Pasaka.”

“Kwa nini? Si mpya?”

Baba alinyoosha mkono, akakiinua kicha na kukishikilia hewani, kisha akakiachia kikapiga usukani. Mama alikitazama. Kisha akanitazama mimi na daftari langu, na nadhani alielewa kwamba sisi wawili tulikuwa tumelijua jambo hilo tangu Jumatano na tumelinyamazia. Angeweza kukasirika. Mwanamke aliyejenga duka kutoka meza ya vitunguu, na aliyeibiwa na damu yake mwenyewe, ana haki ya kukasirika anapoambiwa kwamba ulinzi wake ndio ubovu wake. Alishuka garini, akakaa juu ya boksi la sabuni barazani, akaweka kicha mapajani. Pete ilikuwa imeota kutu. Alilazimika kuipanua kwa meno ya koleo la baba. Alitoa kwanza ufunguo wa gari, akauweka kando. Kisha akaendelea. Alitoa za stoo, zote mbili, akazishika kwa muda kwenye kiganja kilichofumbwa.

“Mchele wa Kyela unaingia kesho saa moja,” alimwambia baba bila kumtazama usoni. “Mimi nitakuwa Buguruni napeleka mzigo, nataka kuijaribu hii gari mwenyewe. Utawafungulia wewe.”

Akampa. Baba alizipokea kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.

Jumamosi dalali alikuja na mnunuzi wake, mtu wa Morogoro aliyevaa kofia ya mkeka. Walimkuta baba mlangoni mwa stoo akihesabu magunia yanayoshushwa, na mahali pa pikapu palikuwa na doa la mafuta tu. Dalali aliuliza gari liko wapi. Baba akamjibu kwamba liko kazini. Yule dalali alisimama akakuna kichwa, akamwangalia baba kutoka juu hadi chini, na mwisho akasema, “Mzee, umenimaliza,” lakini alisema akicheka, na kabla ya kuondoka akauliza kama baba angeweza kumtazamia teksi ya shemeji yake, nayo inazima zima njiani. Krismasi tulipanda Machame kwa pikapu hiyo hiyo, baba akiendesha. Januari aliteremka nasi. Baba mdogo alipata mtu mwingine wa kusimamia kihamba, na ubavuni mwa nyumba yetu pakawa na foleni ya magari yenye maradhi ya umeme, mengine yakitoka mbali, na jirani Jayanti akiyaletea spea bila kupumzika.

Leo mtaa ule hauna nyumba ya mabati. Pale tulipoishi pana ghorofa ndefu yenye maduka ya simu chini, na harufu ya mchele imehamia mahali pengine. Gari langu halina tundu la ufunguo, nabonyeza kitufe. Mwaka juzi lilipogoma nililipeleka gereji, kijana akachomeka kompyuta, akasoma namba, akatoa kisanduku kizima na kuweka kingine bila kukifungua kile cha zamani, nami nikarudi kazini saa ile ile. Sitasema zamani kulikuwa bora. Nazikumbuka foleni za sabuni, na ninawakumbuka wenzake baba ambao majina yao yalikuwa kwenye orodha ile na hawakupata pikapu ya kutengeneza. Gari langu likigoma sasa, silali na njaa ya kujua nani atabaki na nani ataondoka. Hiyo ni neema. Ila sijui tena gari langu linaugua nini, na sidhani wanangu wamewahi kumwona mtu akiuliza swali moja kwa siku nne mfululizo hadi lijibiwe.

Baba na mama sasa wako Machame, wote wawili, kwenye kihamba kile ambacho baba alitaka kukikimbilia peke yake. Nilipowatembelea mwaka jana nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi, na nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu: kama kweli angeiuza pikapu. Alisema angeiuza bila kupepesa. Dalali, alisema, alikuwa na haraka. Alitaka aje na mtu wake Jumatano ile ile, fedha mkononi. Akatupa ganda la ndizi kwenye beseni na kuchukua ndizi nyingine.

“Mimi ndiye niliyemwambia Jumamosi,” alisema. “Baba yako hamalizi kitu kwa siku moja.”